Kuchonga Vipuri vya Alumini vya Droni Muda Unapokuwa Mfinyu

Kuchonga kwenyewe hakuchukui muda. Chukua kishikio cha mota kinachobana bomba la kaboni la kipenyo cha 25 mm. Kipande ghafi cha 70 × 50 × 22 mm kina ujazo wa sentimita za ujazo 77, na kwa alumini ya aina ya 6061 hizo ni kama gramu 208. Kikikamilika kina gramu 31. Kwa hiyo sentimita za ujazo 65 na ushei lazima ziwe maranda. Kisu cha 8 mm chenye meno 3, kikizunguka mara 12,000 kwa dakika, kikimega upana wa 1 mm na kina cha 14 mm kwa mwendo wa 2,880 mm kwa dakika, kinaondoa sentimita za ujazo 40 kila dakika. Kwenye karatasi, kazi nzito imekwisha ndani ya dakika 2. Ongeza kona, safari za hewani na kubadili visu, ifanye 8.

Saa nyingine zote zinakwenda kwenye mchoro usiojibu maswali, kwenye bamba lililopinda baada ya kufunguliwa, kwenye hesi (mifereji ya kushikia parafujo) iliyovunjikiwa na kikatio chake ndani, na kwenye anodaizi (tabaka gumu la kinga linaloota kwa umeme juu ya alumini) iliyobana tundu la beringi. Ndiyo maana karibu kila uamuzi hapa chini umepimwa kwa swali moja: je, unapunguza uwezekano wa kuchonga kipuri kilekile mara ya pili?

Maswali yote yaulizwe siku ya kwanza

Faili ya 3D peke yake haitoshi. Haisemi tundu lipi ni la hesi, lipi ni la kupitisha parafujo tu, na lipi linabana beringi. Omba mchoro wa ukurasa mmoja, hata wa mkono, unaotaja namba ya toleo, aloi, idadi, sehemu zenye toleransi kali (kupotoka kidogo sana kunakoruhusiwa kwenye kipimo), ukubwa wa hesi, na kama kutakuwa na anodaizi. Namba ya toleo iandikwe pia kwenye jina la programu ya mashine na kwenye boksi la vipande ghafi. Mteja aliyebanwa na muda hurekebisha mchoro usiku, na asubuhi mashine inaendelea kuchonga wa jana.

Wabunifu wengi huandika ±0.02 mm kwenye mchoro mzima. Rudisha mchoro huo kwa upole. Kwa mbavu, poketi na umbo la nje, daraja la m (la kati) la ISO 2768, kiwango cha kimataifa cha toleransi za jumla, linatosha kabisa: ±0.2 mm kwa kipimo cha kati ya 6 na 30 mm, ±0.3 mm kati ya 30 na 120 mm. Toleransi kali ibaki kwenye tundu la beringi, kwenye pini za mwongozo na kwenye uso unaokaliwa na mota. Kila kipimo unachokiokoa hapo ni kipimo kisichohitaji kisu cha kumalizia wala dakika za mikromita.

Kuna mitego miwili inayojirudia kwenye droni ndogo. Wa kwanza ni mpangilio wa matundu. Bodi ya kuongozea ndege ikiandikwa 30.5 × 30.5 mm au 20 × 20 mm, maana yake ni umbali wa tundu hadi tundu jirani, upande wa mraba. Mota ikiandikwa 16 × 16 mm, kwa kawaida ni umbali wa tundu hadi tundu linaloitazama ng'ambo, yaani matundu yamekaa kwenye duara la kipenyo cha 16 mm. Ukilichora kama mraba wa upande wa 16, hakuna parafujo hata moja itakayoingia. Usikisie, pima mota yenyewe kwa kalipa.

Mtego wa pili ni urefu wa parafujo. Sakafu chini ya mota ikiwa 3 mm na mteja ana parafujo za M3 × 6 (kipenyo 3 mm, urefu 6 mm), zinaingia 3 mm ndani ya mota, salama. Akiwa na M3 × 8, zinaingia 5 mm na kwenye mota nyingi ncha inagusa waya za koili. Mota inaungua mara ya kwanza kuwashwa, na lawama inakuja kwa aliyechonga. Uliza parafujo alizonazo kabla ya kupunguza unene wa sakafu ili kuokoa gramu mbili.

Aloi

6061-T6 (T6 maana yake imekazwa kwa joto) inafaa kwa vipuri vingi. Uzito wake ni gramu 2.70 kwa sentimita ya ujazo na huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa takriban MPa 276. 7075-T6 ina gramu 2.81 na huvumilia hadi takriban MPa 500, na inakatika vizuri zaidi: maranda yake ni mafupi, hayanati kwenye kisu. Lakini angalia ugumu wa kutopinda. Zote mbili ziko kwenye GPa 69 hadi 72, karibu sawa kabisa. Kwa hiyo mkono wa droni unaotetemeka kwa sababu ni mwembamba hautaponywa na 7075. Utaponywa na umbo. 7075 ilipe pale panapovunjika au panapobonyea: sikio la bawaba, mguu wa kutua, hesi fupi.

Neno dogo T651 lina thamani kubwa. Bamba la T651 limevutwa kiwandani ili kupunguza mkazo uliobaki ndani, na ukiondoa asilimia 80 ya metali yake linapinda kidogo kuliko fimbo ya kawaida ya T6 iliyosukumwa. Kama una chaguo, kata vipande ghafi kutoka kwenye bamba la T651. Kaa mbali na 5052 kwa kazi ya kuchonga. Ni nzuri kwa kukunjwa, ila kwenye kisu inavutika kama ubani.

Usichanganye aloi mbili kwenye kundi moja la anodaizi ya rangi. Hata dawa ikiwa moja na dakika zile zile, vipande vya 6061 na 7075 vitatoka na vivuli tofauti.

Wepesi unatoka wapi

Ukipunguza unene wa bamba kwa nusu, uzito unapungua nusu lakini uimara wa kutopinda unashuka mara nane, kwa sababu unafuata unene ukizidishwa wenyewe mara tatu. Hesabu hiyo hiyo ikigeuzwa ndiyo silaha yako: ubavu wa 1.2 mm wenye kimo cha 6 mm unakaza bamba kuliko kuongeza milimita moja kila mahali, na una uzito mdogo sana. Sakafu ya poketi ya 1 mm, mbavu za 1.2 hadi 1.5 mm na kuta za nje za 1.5 mm ni vipimo vinavyochongeka bila kubembelezwa. Sakafu ya 0.6 mm inawezekana, ila itakula mkao wa ziada (kukifunga kipande upya kwenye mashine) na pengine kipande kimoja kati ya vitano. Kwa kazi ya siku tatu, gramu hizo za mwisho muachie mteja aamue, akijua bei yake ni muda.

Kona za ndani ndizo zinazoamua kisu. Poketi ya kina cha 12 mm yenye kona ya nusu kipenyo cha 1.5 mm inadai kisu cha 3 mm kinachotokeza zaidi ya mara nne ya kipenyo chake: kitalia, kitavunjika, na kitakwenda polepole. Omba kona iwe 3.5 mm. Hapo kisu cha 6 mm kinapinda konani kwa mwendo wake wa kawaida bila kusimama, kwa kuwa nusu kipenyo chake ni 3 mm tu. Kona ya 3.0 kamili ni mtego: kisu kinakaa konani, kinakumbatiwa na metali pande mbili kwa mpigo, kinatetemeka na kuacha alama.

Pale ukuta unapokutana na sakafu, acha mviringo wa 0.5 hadi 1 mm kwa kisu chenye pembe iliyozungushwa. Droni inatetemeka muda wote ikiwa hewani, na alumini haina kiwango cha mkazo ambacho chini yake haichoki kamwe kama vyuma vingi. Ufa huanzia kwenye kona kali.

Kukifunga kipande

Hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia, basi tukae kidogo.

Kwa vipuri vya bonge kama kishikio cha mota, panga mikao miwili tu. Kipande ghafi kiwe na 5 mm za ziada kwenye kimo: 4 mm za kushikwa na taya za jiliwa, 1 mm ya kusafisha uso wa juu. Katika mkao wa kwanza chonga kila kitu kinachofikika kutoka juu: poketi, matundu yote, umbo lote la nje hadi chini ya mstari wa mwisho. Katika mkao wa pili kigeuze, kishike kwenye taya laini za alumini zilizochongwa umbo la kipuri chenyewe, kisha uondoe zile milimita 4. Taya laini zichongwe kwenye jiliwa lile lile, zikiwa zimebanwa juu ya kipande cha kati kwa nguvu ile ile utakayotumia baadaye. Zikichongwa zikiwa wazi, zitainuka kidogo zikibana, na uso wa pili hautakuwa sambamba na wa kwanza.

Nguvu ya kubana ni adui wa kuta nyembamba. Fremu yenye kuta za 1.5 mm ikibanwa kwa mkono wote, inachongwa ikiwa imebonyea na inarudi ikifunguliwa. Tundu lililokuwa duara linakuwa yai. Bana kwenye sehemu zenye sakafu au ubavu nyuma yake. Weka saa ya kupimia msogeo (dial indicator) dhidi ya ukuta huku ukikaza: mshale ukisogea zaidi ya 0.02 mm, legeza.

Kwa mabamba ya 3 hadi 6 mm, jiliwa halifai. Njia ya uhakika ni hii: funga bamba ghafi juu ya bamba la chini la alumini la 15 mm au zaidi lililosawazishwa kwenye mashine hiyo hiyo, toboa kwanza matundu ya kufungia ambayo kipuri tayari kinayo, simamisha mashine, pitisha parafujo za M3 kwenye matundu hayo hadi kwenye hesi za bamba la chini, kisha endelea na poketi na umbo la nje. Kipuri kinajishika chenyewe kwa matundu yake. Programu iandikwe ikijua vichwa vya parafujo vilipo; kisu cha kabaidi (kigumu lakini chepesi kuvunjika) kikikutana na kichwa cha parafujo ya chuma hakuna mshindi.

Kama kipuri hakina matundu yanayofaa, acha vishikizo vinne vya upana wa 4 mm na unene wa 0.6 mm kukizunguka, uvikate kwa msumeno mdogo na tupa baadaye. Utepe wa karatasi pande zote mbili na supaglu katikati nao unafanya kazi, kwa sharti tatu: nyuso zimefutwa mafuta kabisa, eneo la gundi ni pana, na kisu hakipashi moto kipande. Gundi hiyo hulegea joto likikaribia nyuzi 80, na vipande vidogo kuliko noti ya benki vina tabia ya kuruka.

Kasi, mwendo na maranda

Kanuni ya mzunguko ni mita za kukata kwa dakika mara 1,000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Kabaidi kwenye alumini inafurahia mita 200 hadi 500. Kwa kisu cha 6 mm, mita 300 ni mizunguko takriban 15,900. Mashine yenye kikomo cha 12,000 inakupa mita 226, na hiyo inatosha. Mwendo ni mizunguko mara idadi ya meno mara kile kinachomegwa na kila jino. Kwa kisu cha 6 mm cha meno 3 anzia 0.04 mm kwa jino: 12,000 × 3 × 0.04, sawa na 1,440 mm kwa dakika. Kwa kisu cha 3 mm shuka hadi 0.015 au 0.02.

Ukiondoa metali nyingi, tumia njia ya kisu kuzama kina kirefu na kumega upana mdogo, asilimia 10 hadi 15 ya kipenyo. Upana ukiwa mdogo hivyo, kipande anachomega jino kinakuwa chembamba kuliko namba uliyoandika. Kwenye asilimia 12.5 unene halisi ni kama theluthi mbili tu. Ndiyo maana kile kisu cha 8 mm cha mwanzoni kimewekewa 0.08 kwa jino: halisi kinamega 0.053. Ukiogopa na kuweka 0.03, jino linasugua badala ya kukata, linapata moto, na alumini inaganda kwenye ukingo wake. Visu vingi vya alumini hufa kwa woga wa namna hii.

Chagua visu vya meno 2 au 3 vyenye njia pana za maranda, visivyopakwa kitu au vilivyopakwa mipako migumu ya ZrN au DLC. Epuka vilivyopakwa TiAlN. Mipako hiyo ina alumini ndani yake na alumini ya kipuri inaipenda. Urefu unaotokeza kwenye koleti (kibano cha kisu) uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Kupinda kwa kisu kunafuata urefu ukizidishwa wenyewe mara tatu: kisu cha 6 mm kikitokeza 30 mm badala ya 18, kinapinda zaidi ya mara nne na nusu kwa nguvu ile ile.

Maranda yasiyoondoka ndiyo yanayovunja visu poketini. Kipozeo cha maji na mafuta cha asilimia 8 hadi 10 kikielekezwa vizuri kinatosha. Kama mashine haina, hewa yenye shinikizo na ukungu mwembamba wa mafuta vitafanya kazi. Hewa peke yake inaweza kutosha kwa 7075, kwa 6061 usijaribu kwenye poketi ndefu. Dalili ya kwanza ya shida ni sauti: mluzi ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito, simamisha na utazame ncha ya kisu. Alumini iliyoganda inabanduka kwa kipande cha shaba nyeupe kama kisu hakijapoteza ukingo.

Kuta na sakafu nyembamba

Usimalize upande mmoja wa ukuta halafu ukahamia wa pili. Chonga pande zote mbili kwa ngazi: shuka 4 mm kushoto, 4 mm kulia, tena kushoto, ili kila ngazi ikatwe huku chini yake pakiwa bado panene. Acha 0.3 mm kila upande kwa kumalizia, na mpito wa kumalizia uchukue metali ya kweli, si chini ya 0.1 mm, la sivyo kisu kinasukuma ukuta badala ya kuukata. Ukiona mistari ya mawimbi juu ya ukuta na hakuna chini, ukuta unapiga kinanda; punguza mizunguko kwa asilimia 15 hadi 20 kabla ya kugusa kitu kingine.

Sakafu ikatwe kutoka katikati kwenda nje, ili sehemu inayokatwa ishikwe daima na metali isiyoguswa.

Bamba litakalopoteza zaidi ya nusu ya uzito wake lipewe mapumziko. Likwangue pande zote mbili ukiacha 0.5 mm, lifungue kabisa, liache lipinde linavyotaka, lifunge tena kwa nguvu ndogo, sawazisha uso wa kukalia, ndipo umalizie. Inaongeza dakika 15. Ukiruka hatua hii unapata bamba la 120 mm lililonyooka kwenye mashine na lenye upinde wa 0.3 mm mezani, na hakuna namna nzuri ya kulinyoosha.

Joto lina mchango wake pia. Alumini hurefuka takriban mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Mkono wa 200 mm uliopimwa ukiwa na joto la nyuzi 15 juu ya kawaida unasoma 0.07 mm zaidi. Kwa vipuri vya 30 mm, sahau.

Matundu, hesi, beringi, na anodaizi inayoviharibu

Kwa hesi ya M3 inayokatwa, biti ni 2.5 mm, M2 ni 1.6, M4 ni 3.3. Kwa aina isiyokata bali inasukuma metali kuunda hesi, M3 inataka 2.8 mm au chini yake kidogo, kadiri mtengenezaji anavyoandika, na biti ya 2.5 itakivunja kikatio mara moja. Aina hii haitoi maranda, hivyo ndiyo chaguo la tundu lisilotoboka upande wa pili. Zama kwa biti 2 hadi 2.5 mm zaidi ya urefu wa hesi. Hesi ya M3 kwenye alumini iwe na urefu wa angalau 4.5 mm, na 6 mm kama itafunguliwa mara kwa mara. Vinginevyo tia koili ya chuma cha pua.

Hesi ziwe kazi ya mapema katika programu, kabla ya poketi nzito. Kikatio kikivunjikia ndani, umepoteza dakika 3 za kazi badala ya 25.

Beringi ya 623 ina kipenyo cha nje cha 10 mm. Tundu la H7 (daraja la toleransi ya matundu) kwa kipimo hicho ni kutoka 10.000 hadi 10.015. Toboa 9.7, lipanue kwa kisu kwa mzunguko hadi 9.9, kisha malizia kwa rima (kikatio cha kufikisha tundu kwenye kipimo kamili) au kwa kichwa cha kupanulia. Beringi ishikwe na gundi ya beringi; kuigonga kwa nyundo kwenye ukuta wa alumini wa 2 mm kunaibana hadi inazunguka kwa kukwama.

Sasa anodaizi. Ya kawaida yenye unene wa mikromita 12 inajenga sehemu yake ndani ya metali na sehemu nje. Kila uso unakua mikromita 4 hadi 6, na tundu lina nyuso mbili zinazotazamana, hivyo kipenyo kinapungua takriban 0.01 mm. Theluthi mbili ya nafasi yako ya H7 imekwisha. Ile ngumu ya mikromita 50 inapunguza tundu kwa 0.05. Ama chonga tundu kubwa kwa kiasi hicho, ama liagize lizibwe kwa kizibo cha mpira. Hesi za M2 na M3 zizibwe daima chini ya anodaizi ngumu, kwa sababu mbavu za hesi zimeinama na mabadiliko ya kipenyo chake cha kati ni takriban mara nne ya ukuaji wa uso.

Tabaka hilo pia halipitishi umeme. Kama bodi inategemea fremu kwa kuunganisha hasi, sehemu ya mguso ifunikwe isipate anodaizi. Kwa upande mwingine, alumini tupu ikigusana na bamba la kaboni penye unyevu huliwa haraka, kwa hiyo pale anodaizi ni kinga, si pambo. Muda usiporuhusu, weka washa za nailoni au koti jembamba la rangi kwenye mguso.

Kupanga saa 72

Kwa vipuri 8, kata vipande ghafi 10. Metali ni rahisi kuliko usiku wa pili bila usingizi.

Saa mbili za kwanza ni za maswali na kuagiza metali na visu vinavyokosekana. Programu isianze kabla ya hayo. Kisha programu ya mkao wa kwanza, na wakati mashine inachonga kipande cha kwanza, andika ya mkao wa pili. Jizuie kwenye visu vitano: 8 mm kukwangua, 6 mm kumalizia, 3 mm kwa sehemu finyu, biti, na kisu cha chamfa (mkato mshazari wa kuondoa ukali wa kingo). Kila kisu cha ziada ni urefu mwingine wa kupima na nafasi nyingine ya kukosea.

Onyesho la kompyuta liendeshwe likiwa na koleti na kishikio ndani yake. Kugonga kwingi hakutokani na kisu bali kishikio kinachogusa ukuta wa poketi yenye kina. Kipande cha kwanza kiendeshwe kwa asilimia 50 ya mwendo, mkono ukiwa kwenye kitufe, hadi kila kisu kiwe kimegusa metali mara moja. Kisha kipime chote kabla ya kugusa cha pili. Wenye haraka huanzisha cha pili wakati wanapima cha kwanza, na wanapata viwili vibovu.

Anodaizi ya nje ya karakana mara nyingi ni siku kadhaa. Kama haiingii ndani ya saa 72, sema siku ya kwanza, si ya tatu.

Kupima na kufunga

Chamfa ya 0.3 mm kwenye kingo zote iwe ndani ya programu. Kukwangua kingo kwa mkono kunakula dakika 10 kwa kipuri, na mkono unasahau upande wa chini wa matundu. Ukingo mkali kwenye droni unakata plastiki ya waya taratibu kwa mtetemo hadi kuunganisha umeme hewani. Matundu ya chini yapitie kwa biti kubwa iliyoshikwa mkononi, nusu zungusho tu.

Kwa kupima kundi zima, tengeneza bamba dogo lenye pini nne za 2.9 mm kwenye mpangilio wa matundu; kipuri kikikaa bila kusukumwa, kimepita. Hesi zipimwe kwa parafujo mpya kwa vidole. Halafu pima uzito wa kila kimoja kwa mizani ya 0.1 g. Sakafu yenye eneo la sentimita za mraba 20 iliyobaki nene kwa 0.1 mm inaongeza gramu 0.5, na poketi iliyorukwa inaonekana mara moja. Kipuri kinachotofautiana na wenzake kwa nusu gramu kirudi chini ya mikromita kabla hakijaingia kwenye boksi.

Osha mafuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na soda kali, kausha kwa hewa hasa ndani ya hesi, na ufunge kila kimoja peke yake kwa karatasi. Vipande 8 vya alumini vikiwekwa pamoja kwenye mfuko mmoja hufika vimechorana, na mteja huona mikwaruzo kabla ya kuona vipimo. Vipande viwili vya ziada, kama vimepona, vipe alama na uvihifadhi na taya laini zake: oda ya pili ya kipuri cha droni huja baada ya ajali ya kwanza.